Kompyuta Ikisema Umeboronga, Usizimie!

Vijana wa Chake Chake wanaocheza sataranji kwenye simu wana ugonjwa mmoja. Gemu ikiisha tu, mbio kwa Stockfish! Wakiona alama nyekundu wananuna mpaka kahawa ya barazani inapoa. Mmoja keshaniambia eti anaacha kabisa. Ngoja kwanza, bwana!

Ile namba si matusi. +1.00 maana yake Mweupe kamzidi Mweusi kama askari mmoja. Ikija na alama ya kutoa, Mweusi ndiye anayetamba. Tuseme wewe Mweupe: umeshuka kutoka +9 hadi +6? Potelea mbali, bado unashinda. Kutoka 0.00 hadi -3, hapo sasa lia. Lakini kukosa usingizi kwa 0.20, huko ni kujitesa. Kasparov mwenyewe alifungwa na Deep Blue 3.5 kwa 2.5 kule New York mwaka 1997, sembuse wewe?

Ubaya wa mashine, inakupa hatua, sababu haitoi. Kwa hiyo mie nashauri uitafute mwenyewe: rudisha ile hatua yako uliyocheza, uone mashine inaijibu vipi. Ikija kula farasi wako bure, sababu si hiyo?