Garde-malade wa nyumbani: pesa ya uchunguzi iende wapi?

Mgonjwa akitoka hospitali ya Sendwe, hapa Lubumbashi, na kurudi nyumbani Katuba, kazi ya kumgeuza, kumwogesha na kumlisha huangukia familia. Mikono ikipungua, hutafutwa garde-malade, mtu wa kulipwa amtunze mgonjwa. Muuguzi ana pa kuuliziwa: Ordre des Infirmiers, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Garde-malade wa kawaida hana daftari lolote linalomtaja, na bado ataachiwa funguo, dawa na mwili wa mzee asiyeweza kueleza alichotendewa.

Karatasi nyepesi kupata ni atestasio ya tabia njema ya komine. Inaonyesha kwamba mtu anajulikana anakoishi, basi. Komine ya Kampemba haijui alichofanya Kolwezi.

Kazie ya parke, yaani rekodi ya makosa ya jinai toka ofisi ya mwendesha mashtaka, inataka zaidi: ada, usafiri, na siku za kungoja ambazo mtafuta kazi hali chochote. Nayo hutaja hukumu tu. Wizi uliomalizwa kifamilia haumo, wala kipigo ambacho mgonjwa hakukishtaki. Ukiidai, ilipe wewe mwajiri, kisha linganisha jina herufi kwa herufi na kadi ya mpiga kura, maana kwa miaka mingi hiyo ndiyo imekuwa kitambulisho chetu. Uingereza kuna orodha ya waliokatazwa kuwahudumia watu dhaifu, na mwajiri wa kazi hizo huiulizia. Familia ya Ruashi haina orodha kama hiyo. Inabaki kuuliza watu.

Kwa hiyo, kama pesa ni ya jambo moja tu, mimi ningeilipia taxi hadi nyumba alikofanya kazi mwisho. Simu haitoshi, yeyote aweza kuipokea na kujiita bosi wa zamani. Ukifika, uliza: mgonjwa alipata vidonda vya kulala? Pesa ya dawa ilishikwa na nani? Aliondoka kwa nini, na mngemrudisha? Wasikilize na majirani, lakini maneno ya uchawi au ya kabila yaache hapo hapo mlangoni. Yameshawanyima kazi watu wasio na kosa.

Halafu kuna majaribio ya kazi, ambayo hayaongezi gharama juu ya mshahara. Sheria ya kazi (Code du travail) ya 2002 inayaruhusu, yasizidi mwezi mmoja kwa mfanyakazi asiye na ujuzi maalumu. Yaandikeni kwenye mkataba. Mwezi huo ndugu aingie saa zisizotarajiwa, atazame mgongo wa mgonjwa, na dawa zihesabiwe kila jioni mbele ya garde-malade mwenyewe.