Ufunguo Mmoja kwa Kundi Zima



Sisi wachuma chai wa Shagasha na wenzetu wa saruji wa Bugarama tunajadiliana mishahara kwa simu, katika makundi. Wengi wanauliza: je, mtu aliye njiani hawezi kuyasoma maneno yetu? Tunaeleza.

Maneno ya kundi hufungwa kwa ufunguo, yaani namba ndefu ya siri. Kazi ngumu ni kuufikisha kwa kila mwanachama pasipo mpelelezi kuunasa. Njia moja hutumia ufundi wa kusahihisha makosa.

Fikirini karani wa mizani anayetangaza kilo kwa redio yenye mikwaruzo. Akisema "24, 24, 24", nasi tukasikia "24, 29, 24", tunajua ni 24. Kule kurudia kumesahihisha kosa. Mwaka 1950 Richard Hamming wa Marekani alichapisha mpango ulio bora zaidi, unaosahihisha kosa bila kurudia namba nzima.

Mwaka 1978 Robert McEliece, naye wa Marekani, aligeuza ufundi huo kuwa kufuli. Kila mwanachama huwapa wote kanuni ya kumwandikia, lakini siri ya kusahihisha hukaa nayo mwenyewe. Simu ya katibu huchagua ufunguo wa kundi, huuandika kwa kanuni ya kila mmoja, kisha hutia makosa kwa makusudi. Mwenye siri huyaondoa mara moja. Mpelelezi hawezi kutenga tarakimu za kweli na za makosa. Machi 2025 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilichagua njia ya ukoo huo, iitwayo HQC, iwe akiba dhidi ya kompyuta za kwantamu zinazohofiwa kuvunja kufuli nyingi za sasa.

Hata hivyo kufuli ina mipaka. Mwanachama akihamia upande wa wakubwa, aondolewe siku hiyo hiyo, na ufunguo mpya ugawiwe waliobaki. WhatsApp hubadili funguo yenyewe mtu akitoka, lakini ni lazima sisi tumwondoe kwanza. Yale aliyokwisha kuyapokea hubaki katika simu yake. Wala hakuna hesabu inayomzuia mtu kumwonyesha kapita simu yake.

Kwa hiyo kila tawi lisome majina ya kundi mkutanoni, jina kwa jina. Namba isiyo na mwenyewe itolewe papo hapo.

Umoja ni nguvu!