Nyumba ya Haki Haitengenezwi kwa Chokaa Tu

Mkulima wa Issuna, kama mwenzake popote Singida, astahili mahakama isiyovuja. Hata hivyo, twapenda kuwakumbusha wasomaji wetu historia ya nyumba hizo. Zama za mkoloni chifu alitoza kodi, kisha barazani akamhukumu aliyeshindwa kuilipa. Mwaka 1963 uchifu ulifutwa, na sheria ya mwaka huohuo ikaunda Mahakama za Mwanzo, ambazo zilirithi mabaraza yale na kuwekwa katika mfumo mmoja wa mahakama, chini ya Mahakama Kuu. Mwaka 2021 sheria ikakifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Basi, ndugu, tuzibapo nyufa na kupaka chokaa, tuulinde ukarabati uliotangulia: kuta zaweza kuwa zilezile, lakini mwenye kutoza asirudi kuwa mwenye kuhukumu.