Mgonjwa si mfungwa

Labda umeisha kuona jambo hili katika mtaa wako. Mama mmoja anaenda kuzaa. Mtoto anashindwa kutoka, wanganga wanamupasua. Mungu asifiwe, mama na mtoto wako wazima. Kisha siku chache munganga anamwambia: "Mama, umepona, rudia nyumbani." Lakini pa mlango mlinzi anaomba karatasi ya kutoka. Karatasi haiko, kwa sababu faktire haijalipwa.

Bwana yake anachimba. Mwezi ule shimo lilijaa maji, hakupata kitu. "Sina na makuta," anasema. "Basi bibi yako atabaki," wanamujibu. Kitanda wanakipa mgonjwa mwingine, na mama analala chini, juu ya mukeka, na kidonda chake na mtoto wake. Nyumbani ndugu wanaanza kuuzisha: kwanza radio, kisha kinga, kisha bati za nyumba.

Tuulizane sisi kwa sisi: mama huyu amefanya kosa gani?

Mambo yalifikaje hapa?

Wazee wetu wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi watakuambia kama zamani mtu wa kampuni hakujua mateso haya. Tangu wakati wa Union Minière, na kisha Gécamines, mtumishi, bibi yake na watoto yao walitunzwa katika hospitali ya kampuni. Kampuni njo ililipa. Lakini mwaka 1990 shimo kubwa la Kamoto lilianguka, na nyuma yake kampuni ikazidi kulegea. Mwaka 2003 watumishi zaidi ya 10 000 waliachishwa kazi. Wengi wetu ni watoto wa watu wale. Na yule anayechimba leo kwa mikono yake hana kampuni ya kumulipia munganga.

Tuseme kweli yote: tusifikiri kama muuguzi ni adui yetu. Mara nyingi leta anamulipa kidogo ao hamulipi, na hospitali inaishi na makuta ya wagonjwa. Dawa inauzwa, mafuta ya mashine inauzwa. Deni la hospitali ni deni la kweli, na deni linapashwa kulipwa. Lakini kudai deni ni jambo moja, kufunga mtu ni jambo lingine. Ukinunua unga kwa deni kwa mama wa soko, atakukumbusha, atakusemea kwa wakubwa. Hana ruhusa ya kukufungia ndani ya nyumba yake.

Sheria inasema nini?

Katiba ya inchi yetu, ya tarehe 18 Februari 2006, inasema katika artikle ya 47 kama kila mtu ana haki ya afya. Tena, tangu mwaka 1976 inchi yetu, iliyoitwa wakati ule Zaire, iliingia katika mapatano ya mataifa juu ya haki za raia. Artikle ya 11 ya mapatano yale inakataza kufunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza yale aliyopatana kulipa. Basi mgonjwa maskini si mwizi, na hospitali si gereza.

Labda utasema: "Hayo ni maneno ya karatasi." Sikiliza yaliyofanyika kwa majirani. Huko Nairobi, katika Kenya, mwaka 2010 wamama wawili walizuiwa katika hospitali kubwa ya uzazi ya Pumwani kwa sababu hawakuwa na makuta ya kulipa. Hawakunyamaza. Walisaidiwa na wanasheria, wakapeleka mashtaka mwaka 2012. Tarehe 17 Septemba 2015 Mahakama Kuu ilikata maneno: kuwazuia wamama wale kulivunja haki zao, na walipashwa kulipwa. Walikuwa watu wa kawaida sawa wewe na mimi. Waliona haya, waliogopa, lakini walisema.

Na mtu mwenye kilema?

Kuko mgonjwa mwingine anayesahauliwa zaidi. Ni kijana aliyevunjika mgongo wakati udongo ulimwangukia shimoni. Ni binti aliyelemaa miguu kwa polio. Anafika hospitali na kinga chake cha mikono, anakuta ngazi tano pa mlango. Inapashwa kumubeba sawa mufuko. Akiisha kuingia, muuguzi hamutazami; anauliza ndugu yake: "Yeye anaumwa nini?" Miguu njo imelemaa, kinywa hakikulemaa! Tumuulize yeye mwenyewe.

Na katika nyumba zetu pia tuna kosa. Kuko wazazi wanaoficha mtoto wa namna hii ndani wageni wakifika. Wanalipa shule ya wadogo wake, yeye anabaki na kulinda nyumba. Wengine wanasema ni ndoki. Wazazi wapenzi, si vizuri.

Sheria iko hapa pia. Artikle ya 49 ya Katiba inasema kama mtu mwenye kilema na mzee wanapashwa kulindwa kwa namna inayofaa mahitaji yao. Mwaka 2015 inchi yetu iliingia katika mapatano ya mataifa juu ya haki za watu wenye kilema. Na tarehe 3 Mei 2022 tulipata sheria yetu wenyewe ya kuwalinda, namba 22/003. Sheria hii haikuanguka toka mbinguni. Watu wenye kilema wenyewe waliidai miaka mingi.

Wewe unaweza kufanya nini?

Kwanza, msingojee ugonjwa. Mnajua likelemba. Fanyeni likelemba ya ugonjwa katika jumuiya: kila nyumba itoe kidogo kila mwezi, na sanduku lichungwe na watu watatu wenye kuaminika, si mmoja tu.

Pili, uliza bei mbele ya kazi, na omba risiti ya kila franka. Kama ni uzazi, uliza pia juu ya mpango wa Serikali wa kuzalisha bure, ulioanza Kinshasa mwaka 2023: je, hospitali yako imo?

Tatu, mtu akizuiwa, msimwachie bwana yake peke yake. Muende watu watano ao sita kwa mukubwa wa hospitali, kwa heshima, bila matusi. Mumwambie: "Deni tunalikubali. Tutatia sahihi, tutalipa kidogo kidogo. Lakini mama arudie nyumbani leo." Kisha mlipe kweli. Asiyelipa anafungia mgonjwa mwingine mlango.

Ine, vijana, angalieni kanisa na shule yenu. Kama kuko ngazi tu, ombeni ruhusa, tafuteni sima na mchanga, mjenge njia ya kupitisha kinga cha mikono. Lakini mbele ya kuanza, muulize wale watakaopita pale.

Wote tunamujua yule Msamaria mwema. Aliacha feza mbili kwa mwenye nyumba ya wageni, akaahidi kulipa lililobaki wakati atarudia. Mwenye nyumba alikubali ahadi. Hatusikii kama alimufungia yule mwenye vidonda.

Maulizo ya kuzungumza katika jamaa na jumuiya:

1. Katika mtaa wetu, nani amezuiwa hospitali kwa sababu ya deni? Tulimufanyia nini?

2. Nani ana kilema kati yetu, na mara ya mwisho tulimuuliza mawazo yake ni siku gani?

3. Likelemba yetu ya ugonjwa itaanza mwezi gani?