Toleo Imara au la Majaribio kwa Mtafiti wa Masako

Hifadhi ya msitu ya Masako iko kilomita 14 hivi kutoka Kisangani, kwenye barabara ya zamani ya Buta. Wanafunzi na watafiti wa Chuo Kikuu cha Kisangani huenda huko kunasa panya na kupima miti, kisha hurudi na takwimu za kuchambua. Anayezichambua kwa lugha ya takwimu ya R kwenye mfumo endeshi wa Debian lazima achague: toleo imara au la majaribio?

Programu mpya huingia kwanza tawi liitwalo sid. Ikikaa siku 2, 5 au 10, kutegemea udharura wake, bila hitilafu kubwa mpya, na zile inazozitegemea zikiwa tayari, huhamia tawi la majaribio. Kila miaka miwili hivi tawi hilo hufungwa, husafishwa kwa miezi kadhaa, ndipo huitwa imara. Trixie, yaani Debian 13, ilitoka hivyo tarehe 9 Agosti 2025.

Wengi wakiona namba ya zamani hudhani programu ina matundu. Sivyo. Kiraka cha usalama hupachikwa kwenye toleo lilelile, ilhali tawi la majaribio mara nyingi hukisubiri kipitie sid. Machi 2024 mhandisi wa programu Andres Freund aligundua mlango wa siri ndani ya xz, programu ya kubana mafaili, matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Ulikuwa umeshaingia sid na majaribio. Toleo imara halikuguswa.

Kwa anayenunua mega za simu, majaribio ni ghali: masasisho hayaishi. Baya zaidi, R ikipanda kutoka 4.4 hadi 4.5 katikati ya tasnifu, vifurushi ulivyojisakinishia inabidi uvisakinishe upya, na hesabu ya jana huenda ikagoma leo. Kazi ya miezi porini haistahili hatari hiyo. Ukihitaji programu moja mpya, itafute kwenye hazina ya backports, ambako hutengenezwa upya kwa ajili ya toleo imara, usichanganye matawi.

Mwenye kompyuta ya pili na intaneti ya uhakika atumie majaribio, aripoti hitilafu. Debian inamhitaji sana.

Kwenye orodha ya hazina za apt, programu inayosakinisha vifurushi vya Debian, andika trixie, usiandike stable. Neno stable litahamia Debian 14 siku itakapotoka, na sasisho la kawaida litataka kubadilisha mfumo mzima. Jina trixie halihami, na viraka vyake vya usalama vimepangwa hadi 2028, kisha vya muda mrefu hadi 2030.