Fahamu: Viza za Uingereza na wahudumu wa wazee

Februari 2022, ikiwa na uhaba mkubwa wa wahudumu wa wazee, Uingereza iliwafungulia wageni viza ya kazi hiyo. Maelfu walikwenda, wakiwemo Wanigeria, Wahindi na Wazimbabwe wengi. Machi 2024 wakakatazwa kwenda na wenza na watoto. Julai 2025 waajiri wakazuiwa kuajiri wapya kutoka ng'ambo; wauguzi bado wanaruhusiwa.

Kasoro ya viza hii ni kumfunga mtu kwa mwajiri wake. Mwajiri akinyang'anywa leseni ya kuajiri wageni, mhudumu hupewa kwa kawaida siku 60 kupata mwingine, la sivyo aondoke. Nani athubutu kulalamika? Na wahudumu wakipungua, mzee anayekosa wa kumhudumia nyumbani hubaki wodini hata akishapata nafuu, huku wagonjwa wapya wakisubiri kitanda.