Teke Lililobuniwa Gerezani

Je, wajua kwamba iko bastola ya jeshi iliyoundwa makusudi impige teke zaidi yule yule anayeifyatua? Inaitwa Colt Service Model Ace. Ilianza kuuzwa mwaka 1937 na kiwanda cha Colt cha Hartford, Marekani, na kazi yake ilikuwa kufundisha makuruta kulenga shabaha.

Bastola ya kawaida ya jeshi la Marekani wakati huo ilikuwa M1911, ya kaliba .45. Risasi yake ina uzito wa gramu 15 hivi, na ikitoka, mkono unajua. Kuruta asiyeizoea hufumba macho kabla hajafyatua, hukaza kiganja, na mtutu huinama. Risasi inachimba udongo chini ya shabaha. Dawa ya woga huo ni kupiga risasi nyingi, tena nyingi sana, lakini risasi za .45 zilikuwa ghali, na bajeti ya jeshi katika miaka ile ya mdororo wa uchumi ilikuwa finyu.

Mwaka 1931 Colt walijaribu jibu la kwanza. Walitoa bastola iliyofanana na M1911 kwa umbo na kwa mshiko, ila ilitumia risasi ndogo ya .22, yenye gramu 2.6 tu na bei ya chini. Waliiita Ace. Ili risasi dhaifu kama hiyo iweze kuiendesha, ilibidi slaidi, ile sehemu ya juu inayoserereka kwenda na kurudi, ipunguzwe uzito. Ikawa bastola tamu kushika, na hapo ndipo tatizo lilipobaki: ilikuwa tulivu mno. Kuruta alijifunza kulenga bila kujifunza kulihimili teke. Akirudishiwa .45, woga wake anaukuta pale pale alipouacha.

Aliyelitatua jambo hili ni David Marshall Williams, mkulima wa North Carolina aliyekuwa pia mpishi wa pombe haramu. Mwaka 1921 maofisa wa sherifu walivamia mtambo wake wa gongo, risasi zikarushwa, na naibu wa sherifu akauawa. Williams alihukumiwa kifungo cha miaka 20 hadi 30. Masimulizi mengi ya Kimarekani hulipita tukio hilo haraka ili yafike kwenye ugunduzi. Mimi naona kifo cha ofisa yule kina haki ya kutajwa kila jina la Williams linapotajwa. Katika gereza la shamba la Caledonia, mkuu wa gereza alimruhusu kufanya kazi kwenye karakana, na huko, kwa vyuma chakavu, akaanza kuunda bunduki na kuzifikiria upya. Aliachiwa mwaka 1929. Mawazo aliyotoka nayo ndiyo yaliyozaa chemba inayoelea.

Katika bastola ya kawaida ya .22, baruti ikilipuka, gesi husukuma risasi mbele na ganda nyuma, na ganda ndilo linaloisukuma slaidi. Ganda hilo ni jembamba, kipenyo chake hakifiki milimita 6, kwa hiyo msukumo wake ni mdogo. Williams aliitenga chemba, yaani tundu linalobeba risasi, akaifanya kipande cha peke yake kisichoshikamana na mtutu. Gesi hupenya mbele ya kipande hicho na kuusukuma uso wake wote pamoja na ganda. Chemba huruka nyuma umbali mdogo sana kisha hugota, lakini imekwisha kuipa slaidi pigo zito. Mkononi linafika teke linalokadiriwa kuwa mara nne ya lile ambalo .22 ingelitoa peke yake. Risasi yenyewe haikuongezewa nguvu hata kidogo. Kwangu huu ni miongoni mwa ubunifu mzuri kabisa wa ufundi wa karne iliyopita: kipande kimoja cha chuma, kidogo kuliko kidole gumba, kinamfundisha mtu kutoogopa. Williams alitumia kanuni hiyo hiyo kuiwezesha bunduki ya rashasha ya Browning kutumia risasi za .22 mazoezini.

Ubaya wake ni uchafu. Masizi na chembe za madini ya risasi hujipenyeza kati ya chemba na mtutu, na bastola isiposafishwa chemba hukwama. Ndiyo maana mkusanyaji mzoefu, akishahakikisha bastola haina risasi, huisukuma chemba kwa kidole kabla hajatazama kitu kingine. Ikiteleza kwa ulaini, mazungumzo ya bei yanaweza kuanza.

Kisha anageukia namba. Service Model Ace halisi ina namba inayoanza na herufi SM kwenye fremu. Colt waliuza pia seti ya vipuri vya kuigeuza bastola ya .45 iwe ya .22, na seti hiyo ikiwekwa juu ya fremu ya .45 humdanganya mnunuzi mwenye haraka. Kuanzia 1937 hadi 1945 zilitengenezwa zaidi kidogo ya 13,000. Za mwanzo ziling'arishwa kwa rangi ya buluu iliyokolea. Za wakati wa vita zina rangi ya kijivu isiyong'aa. Wapo wanaozipaka upya zionekane mpya, na hilo linanisikitisha. Rangi iliyolika pale vidole vilipozoea kushika ni ushahidi wa mamia ya makuruta, na hakuna fundi awezaye kuurudisha.

Colt walizitengeneza tena kati ya 1978 na 1982, lakini wakusanyaji wa vifaa vya kijeshi huzitafuta zile za kale, hasa zenye mhuri wa mali ya serikali ya Marekani. Anayetaka uhakika huilipa idara ya kumbukumbu ya Colt, nayo hufungua vitabu vya kiwanda na kumwandikia barua inayoonyesha bastola yenye namba ile ilisafirishwa tarehe gani na ilipelekwa wapi.